Sufuria Iliyolia Kamanyola

Butoyi wangu,

Salamu tutapeana kesho kwa mikono, kwa hiyo hapa naziruka. Jua limeshapita nyuma ya milima lakini ziwa bado lina mwanga wake. Mimi nimekaa jikoni kwenye kiti kifupi na kalamu ya Bukuru, na wewe uko uani unafunga visu vyako kwenye kitenge. Unafikiri ninachambua mchele. Endelea kufikiri hivyo.

Mambo ya safari sitayarudia. Papa yako amekueleza habari ya tikiti na kitambulisho mpaka ukamfumbia macho, na wewe ukishafumba macho mazungumzo yameisha, hakuna aliyewahi kukushinda hapo. Kaka yako amekuonyesha mahali pa kuficha simu. Dawa ya malaria iko mfuko wa pembeni. Basi, inatosha.

Ninaandika kwa sababu mikono yangu ina kigugumizi. Kwa maneno mafupi tunaelewana, leta maji, punguza moto, nani amekula nyama. Kwa maneno marefu nachanganya alama, unacheka, na mimi nikichekwa nasahau nilichotaka kusema. Juzi tulipokuwa tunatwanga majani ya sombe uliniuliza: nani alijua kwanza kwamba sisikii? Nikakujibu kwa alama moja, ile ya ngumi kugonga kiganja. Bibi. Ukashangaa, ukarudia, bibi? Bibi wa fimbo? Halafu akaja mteja wa samaki, na swali likabaki kwenye kinu.

Hili ndilo jibu. Ni refu, na ndani yake kuna jambo ambalo sijakuambia hata siku moja. Kesho si mara ya kwanza wewe kuondoka nyumbani. Mara ya kwanza ulikuwa na miaka mitatu, na nguo zako tulikuwa tumeshazifunga.

Unajua mapasa, watoto wa mimba moja kama wewe na Bukuru, wanavyolelewa kwetu. Ukimpa mmoja kikombe, mpe na mwingine kikombe, la sivyo aliyekosa ataugua. Nguo sawa, sahani sawa, ukimbusu huyu umbusu na yule. Hata jina. Tangu mlipozaliwa hakuna aliyewaita mmoja mmoja. Ilikuwa Bukuru-Butoyi kwa pumzi moja, kama vile ni mtu mmoja mwenye miguu minne. Nikiita Bukuru-Butoyi mlikuja wawili. Nikisema Bukuru-Butoyi acheni, mliacha wawili, Bukuru kwanza na wewe nyuma yake kidogo. Nilidhani ni adabu ya mdogo kumfuata mkubwa. Papa yako alijivunia jambo hilo mbele ya wageni.

Shida ilikuwa pale Bukuru alipolala, au alipotoka na papa yake. Nilikuita ukanipa mgongo. Nilikukataza moto ukaenda motoni. Neno ulikuwa husemi hata moja, lakini Bukuru alisema kwa niaba yenu wawili bila kupumzika, na watu walituambia ndivyo mapasa walivyo, mmoja huwa msemaji. Kwa hiyo nikawa nasema lile neno ambalo kila mama kuanzia Kavimvira mpaka Kalundu analisema kila siku ya Mungu: mtoto huyu hasikii.

Sasa liangalie neno hilo, wewe unayependa kuchungulia ndani ya sufuria za watu. Hasikii. Nilimwambia jirani, jirani akasema wa kwake pia hasikii, dawa yake fimbo. Nilisema kanisani, wakaniambia nisichoke kuomba. Nilimwambia papa yako, akasema hata yeye utotoni alikuwa hasikii na leo ana leseni ya udereva. Miaka miwili nilisema ukweli mtupu, kwa sauti, kwa kila aliyepita, na hakuna aliyeusikia, na mimi msemaji wa kwanza sikuusikia. Nilikuvuta masikio ili usikie. Nikikumbuka naona haya, na wakati mwingine nacheka peke yangu hapa jikoni, kwa sababu vidole hivi vilikuwa vimeshika jibu lenyewe na vikaliachia.

Habari zako zikapanda barabara na madereva mpaka Kamanyola, kwa mama mkwe wangu, ambaye wewe unamjua kwa picha moja tu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alilea watoto wake, akalea wa ndugu zake, akalea na wengine walioletwa kwake kunyooshwa. Akatuma jibu: mapasa hawajaonyeshwa kwa ukoo, waleteni, na yule asiyesikia mumuache hapa, nitamfundisha kusikia.

Papa yako alikubali. Na mimi nilikubali. Nilikuwa na mimba ya mdogo wenu Ciza, miguu imevimba, na wewe ulikuwa umeshaungua mara mbili kwenye mbabula, jiko langu la makaa. Nilijiambia ni kwa muda mfupi. Nilikunja nguo zako nikaziweka kwenye mfuko wa peke yake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kitu chako na cha Bukuru kutenganishwa.

Tajiri wa papa yako akamwazima pikap ya kubebea simenti. Mpango ulikuwa tushuke kwanza Makobola kwa ndugu zangu, halafu tugeuze tupande mpaka Kamanyola. Kwa kuwa nilijua mwisho wa njia kuna nini, nikaanza kutafuta namna ya kuirefusha njia. Nikamwambia papa yako ninataka kujua kila mahali wanawaimbia mapasa nini na wanakula nini. Kwa mtu aliyeimba kwenye kwaya tangu utoto haikuwa uongo kamili.

"Weye unatafuta wimbo ao unatafuta kula?" akaniuliza.

"Vyote viwili."

"Basi hatutafika."

Hilo ndilo nililokuwa naomba.

Makobola walitupokea ufukweni, pale wanawake wanapoanika ndagala. Walikuwa wanageuza samaki kwa ufagio huku wanaimba, mmoja anaanza na wengine wanamjibu kwa kufagia, ffrrr, ffrrr, na nilitaka kujua kama wimbo unaongoza ufagio au ufagio ndio unaongoza wimbo. Dada yangu Sifa aliniambia niache maswali nishike ufagio. Ninyi wawili mlikuwa mnachimba mchanga karibu na maji. Mbali kidogo, nyuma yenu, mtu aliweka samaki wa mukeke kwenye moto. Sifa aliita, "Bukuru-Butoyi, mukuje kula." Bukuru aligeuka kwa kuitwa. Wewe ulikuwa umeshageuka zamani, pua juu, unatembea kwenda kwenye moshi.

"Huyu anasikia harufu kama paka," Sifa akasema.

"Harufu anasikia," nikamjibu. "Mama yake ndiye hamsikii."

Tulicheka sana. Unaona tulivyokuwa karibu?

Jioni wakaimba nyimbo za mapasa. Unajua zilivyo, maneno yake hayaandikwi kwenye barua ya mama. Shangazi zangu walimtukana papa yako na viungo vyake vyote kwa sauti nzuri ajabu, kama desturi inavyotaka, naye akasimama katikati akitabasamu kama mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Vigelegele, makofi, bidon za maji zinagongwa. Bukuru alishika masikio akalia. Wewe ulikula bugali na sombe yenye mawese mengi ya huko, ukajipaka mpaka kwenye nywele, halafu ukalala katikati ya makelele yale, mdomo wazi. "Mutoto iko na moyo wa amani," shangazi mmoja akasema. Na mimi nikaona fahari.

Tulipopanda kuelekea kaskazini tulipita mbele ya nyumba yetu bila kusimama. Nilimwomba papa yako asisimame, maana ningeshuka na wewe na nisingepanda tena.

Nilisimamisha gari Kiliba nikanunua miwa. Nilisimamisha tena mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kununua, nikasema ninataka kusikia wimbo wa wanawake waliokuwa wanalima muhogo, nao hawakuwa wanaimba, walikuwa wanagombana. Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani kabla ya Sange, askari aliweka kamba chini akachungulia ndani, akawaona ninyi wawili kwenye mapaja yangu. "Hawa ni mapasa?" Papa yako akasema ndiyo. Askari akajipapasa mifuko yote, akatoa bonbon moja ya kumumunya, akaona moja haifai, akaenda kumwomba mwenzake ya pili. Mapasa hawapiti kwa mtu hivi hivi. Papa yako mpaka leo anasimulia habari ya barieri iliyotoa badala ya kupokea, na watu hawamwamini.

Sange tulikunywa maziwa ya kuganda. Kwaya ilikuwa inafanya mazoezi chini ya mabati, na nikakaa pale mpaka papa yako akaja kunitoa. Luvungi tulikula mchele mpya, ule ambao ukiupika nyumba nzima inanukia, na nikaomba wali wa pili ambao sikuwa na mahali pa kuuweka. Papa yako alikuwa hacheki tena. Alikaa chini upande wangu akasema polepole, "Mama Mapasa, hata ukule mpunga wote wa mashamba ya hii plaine, Kamanyola haitahama." Alijua tangu mwanzo. Tukaingia garini.

Bibi yako alikuwa mrefu, na alitupokea akiwa na mwiko mkononi. Hakukubusu. Alikushika kidevu, akakugeuza uso huku na huku, akasema, "Njo huyu," kwamba ndiye wewe. Mfuko wako ukashushwa ukawekwa mlangoni.

Papa yako alimchukua Bukuru, ambaye alikuwa amejitapikia miwa, akaenda kumwogesha kwenye mfereji. Wewe ukabaki uani, umechuchumaa, unachora chini kwa kijiti, mgongo kwa jiko. Bibi alikuwa amepika maharage na ndizi za makemba. Pale kwake watoto hawakuitwa kwa majina. Walikuwa wengi, angemaliza siku. Kawaida aligonga sufuria kwa mwiko, nao walikuja wote. Siku hiyo waligongewa, na kweli wakatoka kila pembe, mmoja akaruka kutoka kwenye mpera, mwingine mwenye kidonda mguuni akaja akirukaruka kwa mguu mmoja.

Wewe ulibaki unachora.

Niliinuka nikulete. Nilishikwa na aibu, mtoto wangu anaanza ukaidi mbele ya mama mkwe kabla hata ya kula. Bibi akanizuia kwa mkono. Akabeba sufuria kwa vipini, akaja nayo mpaka nyuma yako, akaiweka chini, akaigonga tena, karibu kabisa na kichwa chako. Kuku akaruka. Mtoto mmoja akaziba masikio. Wewe ulichora mstari mrefu, ukauangalia, ukaona umepinda, ukaufuta kwa kiganja.

Bibi akafunua kifuniko. Mvuke ukatoka, ukakupita begani, na ndipo ukageuka. Uliiangalia sufuria, ukauangalia mwiko, ukamwangalia bibi kuanzia miguuni mpaka kichwani, ukatabasamu kwa meno yote uliyokuwa nayo, ukanyoosha mikono kupokea sahani.

Mama mkwe wangu akakaa chini mavumbini, na kitenge chake kizuri.

"Mama Mapasa," akasema, "huyu mutoto hasikii."

"Ndiyo, mama. Njo ile habari tulikutumia."

"Hapana. Nakuambia hasikii."

"Ndiyo, mama. Hata jana kwenye njia..."

"Weye njo hausikii," akasema. "Mutoto mukaidi minye namujua, nimelea benyewe. Mukaidi anakatalaka kazi. Anakatalaka kuoga. Chakula hapana. Hakuna mukaidi wa chakula. Huyu iko na njaa, sufuria imelia nyuma yake, hakugeuka. Masikio, Mama Mapasa. Masikio yake haifanye kazi."

Nilimwangalia mdomo wake. Ninakumbuka nilitaka kumwambia kwamba anakosea, na hapo hapo yote yakaanza kujipanga mbele yangu, moto, mgongo, usingizi wa Makobola, Bukuru mbele na wewe nyuma yake kidogo. Ulikuwa unamtazama yeye tu. Miaka mitatu ulikuwa unasikia kwa masikio ya kaka yako, na kwa sababu tuliwaita kwa jina moja hakuna aliyegundua kwamba mmoja haitiki. Nililia pale, Butoyi. Bibi yako aliniacha nilie, akakupakulia, akakupa kipande cha kemba kilichokuwa kikubwa kuliko cha wenzako, jambo ambalo kwa pasa halifanywi.

Papa yako aliporudi akaambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuangalia gurudumu la pikap ambalo halikuwa na shida yoyote, na alikaa huko muda mrefu.

Mimi nilikuwa naangalia mfuko wako pale mlangoni. Sikuthubutu kuuliza. Kwa mama mkwe huulizi mambo mara mbili. Bibi akanywa maji, akafuta midomo, akainuka, akaubeba mwenyewe mpaka garini akauweka chini ya kiti.

"Nilisema nitamufundisha kusikia," akasema. "Kile hana, siwezi kumufundisha. Mutarudi naye. Ninyi njo mutajifunza."

Sikuwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamke yule wakati ule, na nilikuwa nimemwogopa tangu siku ya mahari.

Waliwapigia ngoma hata hivyo, ilikuwa imeshapangwa. Safari hii bibi alikuweka juu ya mapaja ya mpigaji, tumbo lako limeegemea ngoma yenyewe. Pigo la kwanza ulishtuka, ukamwangalia mpigaji kama mtu aliyekuibia kitu. La pili ukaweka na shavu. La tatu ukaanza kucheka, kicheko cha chini ambacho tulikuwa hatujakisikia, na kila alipotaka kupumzika ulimshika mkono ukaurudisha kwenye ngozi. Mpigaji alikuja kuniambia kwamba hajawahi kupata msikilizaji wa namna hiyo. Hakujua alichosema.

Tulipoanza kurudi asubuhi, nilimwomba papa yako asimame kila mahali tuliposimama wakati wa kwenda. Hakubisha. Kwenda nilikuwa nachelewesha, kurudi nilikuwa natafuta. Nilitaka kujua nini kinakufikia na nini hakikufikii, na nakuambia kwa ukweli kwamba udadisi ule ndio ulionikausha machozi. Luvungi tulikupeleka kwenye mashini ya kukoboa mpunga. Uliweka viganja ukutani, halafu paji la uso, ukaanza kutikisa makalio, na vijana wa mashini wakaiongezea mafuta ili usiache kucheza. Sange kwaya ilikuwa palepale. Uliwaangalia midomo yao, ukapiga miayo. Lakini yule mwenye sauti nene alipoinama ukamwekea mkono kifuani, hukuutoa mpaka wimbo ukaisha, na yeye akaimba akiwa ameinama hivyo hivyo. Barieri, askari aliposikia habari alitaka na yeye ujaribu radio yake. Tukakuwekea mapajani, rumba inalia. Uliisukuma. Alisikitika mtu yule, akasema labda hupendi ile gitaa.

Na Kiliba tulinunua miwa tena. Bukuru alikuwa anatafuna kwenye goti langu la kulia, wewe kwenye la kushoto. Ghafla uliacha kutafuna wa kwako, ukamsogelea, ukabandika shavu lako kwenye shavu lake, ukafumba macho. Krr, krr, krr. Alipoacha, ulimgusa mdomo aendelee. Mpaka tunafika nyumbani Uvira mlikuwa hivyo, mashavu yamegandana kwa sukari. Tangu siku ile sina hakika kama mua ni chakula au ni wimbo, na ninajua wewe una jibu.

Baada ya siku kadhaa nyumbani ulinijia jikoni. Ulinivuta kitenge, ukakunja ngumi, ukaigonga kwenye kiganja, ukaangalia barabara. Sikuelewa. Ukarudia. Nilifikiri umeumia mkono. Bukuru, mkalimani wako wa kwanza, akaniambia kwa kuchoka, "Anasema bibi."

Lilikuwa neno lako la kwanza. Hakuna aliyekufundisha, ulilitengeneza mwenyewe, kabla ya shule, kabla ya alama zote ulizotuletea baadaye na kutucheka nazo. Na si fimbo, Butoyi. Ni mwiko na sufuria. Hata kile alichoshika kwenye picha, ambacho mpiga picha alikikata kwenye ukingo tukabaki na mpini peke yake, ni mwiko. Bibi alikufa kabla hujakua vya kutosha kuuliza, na sisi tulizoea kuitumia ile alama mpaka tukasahau kwamba wewe mwenyewe hukumbuki ilikotoka. Sasa unajua. Ukimtaja huko uendako, mtaje vizuri.

Nirudi kwa kesho. Yule mama wa Kalemie, mwenye restora unakokwenda kupika, hajui alama hata moja. Anachojua ni kwamba alipita hapa akala sombe yako, akarudi kesho yake akala tena, akaniuliza nani amepika. Nilikuonyesha kwa kidole, naye hapo hapo akasema anakutaka jikoni kwake. Unajua nilichofanya baadaye. Nilimwomba Bukuru aiache pikipiki yake kwa muda aende na wewe, awe masikio yako mpaka uzoee. Yeye alikubali, ana moyo mzuri ingawa ana masikio mawili mazima na hawezi kushika wimbo hata ukimfungia kwa kamba. Wewe ulipiga mguu sakafuni mpaka vikombe vikacheza. Ukasema kwa mikono: nilipokuwa nyuma yake hamkuniona. Nilikasirika siku mbili. Leo naandika kwamba ulikuwa na haki, na ninaogopa vilevile.

Huko watakuita kwa namna yao. Wengine watasema bubu, nawe huwa unawaonyesha ulimi ili wajue unao, endelea. Wengine watakwambia ndiyo kwa kichwa kumbe hawajaelewa kitu, hao ndio wa kuogopa, kwa sababu hata mimi nilikuwa hivyo. Mtu akikutumia neno rahisi sana, ambalo kila mtu analijua, ligeuze uangalie chini yake. Neno gumu watu wanaliuliza. Lile rahisi ndilo lilitupoteza sisi, familia nzima, na majirani, na kanisa.

Usiniandikie kila siku kwamba uko salama, maana utaniandikia hivyo hata usipokuwa. Niandikie wanaweka nini kwenye sombe huko. Niandikie mukeke wao una mafuta kama wetu au ni mkavu, na wanakula na bugali ya muhogo au ya mahindi, na ukiweka mkono kwenye meza ya restora ile unasikia nini, mashini gani, ngoma gani, mguu wa nani. Hayo ukiniambia nitajua hali yako. Na jambo moja nimekuwa nikitaka kukuuliza tangu Kamanyola, nikakosa alama yake: ile ngoma ilikuwaje tumboni? Ilikuwa na utamu gani? Kama hukumbuki, tafuta nyingine huko, uegemee, uniambie.

Kesho pale bandarini Kalundu unajua itakavyokuwa. Meli ikianza kuachana na gati, mama wote wataita majina ya watoto wao, na watoto watageuka na kupunga mikono. Mimi nimelifikiria jambo hilo wiki nzima. Ningeweza kupiga mguu, lakini saruji haiwezi kufikisha mguu wangu ndani ya maji. Na wewe, ninavyokujua, utakuwa umesimama mbele, unaangalia kule unakokwenda.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Asubuhi upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Nitakuja na mbabula yangu na makaa ya kutosha, nitaiweka mwisho kabisa wa gati, watu waseme wanachotaka kusema. Mukeke nimeshauchagua, mnene, wa leo. Nitauweka kwenye moto meli itakapopiga honi.

Ukisikia, geuka.

Mama yako